Mbao za Lango la Mfereji

Nisikilizeni, na asiyetaka kukasirika akalale!

Hapo kale, Zimwi lilikalia lango la mfereji mlimani, likafunga maji. Wazee wakapanda kulalamika. Zimwi likanguruma, wakameza maneno yao, na papo hapo ubao mpya ukaota langoni. Vijana wakapanda, wakameza yao, ubao wa pili ukaota. Wanawake wakapanda, wakameza, ukaota wa tatu. Huku chini, migomba ikanyauka.

Siku ya zamu yake ya maji, mjane Nakijwa akapanda na jembe begani, watu wakimfuata kwa mbali. Zimwi likanguruma.

“Nguruma mpaka koo likukauke kama shamba langu!” Nakijwa akafoka. “Leo ni zamu yangu! Mfereji huu aliuchimba babu yangu. Wewe ulichimba nini?”

Ubao ukapasuka. Watu wakapata sauti.

“Ng'ombe wangu amekufa kwa kiu!”

“Mwanangu anakunywa matope!”

Mbao zote zikapasuka, maji yakaporomoka, yakalisomba Zimwi.

“Umetuokoa, mwanetu,” wazee wakasema.

Nakijwa akawageukia. “Zimwi lilikuwa moja tu. Mbao zilikuwa zenu!”

Hadithi imekwisha. Hasira yangu bado.