Ngiri Mlinzi na Njia Iliyoziba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za watu wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Basi palikuwa na kiangazi, si hiki chenu cha kutoka jasho kidogo. Jua liliwaka mpaka mawe yakapasuka kama bisi, pa, pa, pa. Maji yalibaki bwawa moja tu, nyuma ya mlima wa mawe. Mlima ule ulikuwa na mianya miwili. Wa kwanza mlinzi wake Ngiri. Wa pili mlinzi wake Nungunungu.

Sheria ilikuwa hivi. Mwanya mmoja tu uwe wazi, maana miwili ikiwa wazi fisi wanapenya. Ngiri ndiye mkubwa. Kila mara alipiga kwato chini, ngu, ngu, ngu, akasema, "Nipo." Nungunungu akisikia hivyo anakaa kimya, mwanya wake umezibwa kwa miiba. Ngiri akinyamaza mara tatu, Nungunungu afungue.

Sasa Ngiri mnamjua. Shimoni huingia kinyumenyume, uso nje. Na mwanyani alikaa vilevile, mgongo kwenye njia, uso kwa watu.

Siku hiyo, mbali ndani, jabali likaanguka, bu! Jabali kubwa kama tembo ishirini waliobebana. Njia ikaziba. Ngiri akadhani radi. Ngu, ngu, ngu. "Nipo."

Wanyama wakaingia, wakagonga jabali, wakarudi. Wakamwambia njia imeziba. Akawajibu kwamba yeye hajatoka hapo tangu alfajiri, wao tu ni wavivu wa kutembea.

Mama Digidigi akaenda kwa Nungunungu. Mwanawe wa siku kumi anayumba, ulimi nje.

"Jirani, toa miiba. Mwanangu anakwisha."

Nungunungu moyo ukamwuma. Akatega sikio. Ngu, ngu, ngu. "Nipo."

"Unamsikia mkubwa? Akiwapo yeye, mimi sina ruhusa."

"Ngiri yupo," akasema Mama Digidigi. "Maji hayapo."

Nungunungu akamwomba angoje, labda Ngiri atanyamaza. Wakangoja. Nipo. Wakangoja. Nipo. Mtoto akalala chini, akalamba jiwe. Hakuinuka tena.

Ndipo Nungunungu akang'oa miiba kwa meno, mdomo ukajaa damu. Wanyama wakapita mbio, wakanywa. Mama Digidigi hakwenda.

Nungunungu akamfuata Ngiri, akamwuliza kama hata mara moja hakugeuka kutazama nyuma.

"Niliambiwa niseme nipo," Ngiri akajibu. "Nikasema. Hukunisikia?"

"Nilikusikia," akasema Nungunungu.

Wanyama wakakaa baraza. Wakaliondoa jabali, kisha wakafunga kamba ya mizizi kutoka bwawani, ikapita mguuni kwa Ngiri mpaka kwa Nungunungu, na Kobe akawekwa majini aivute kila mara. Kamba isipovutwa, ukubwa unahamia kwa Nungunungu papo hapo, hata Ngiri akipiga kelele mpaka mbingu itoboke. Kamba ikafanya kazi vizuri. Mama Digidigi hakuja kuiona.

Tangu hapo nungunungu hatembei mchana. Mchana kuna mama mmoja ambaye yeye hawezi kumtazama usoni.

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo: mlinzi kuwapo hakutoshi. Tazameni njia iliyo nyuma yake kama inafika, na isipofika, mwingine ashike zamu upesi. Ngano yangu imekomea hapo, kwenye miiba ile.