Kulia kwa Nani?

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na maabara ya panya yenye watu watatu wa mkataba. Zawena alilisha panya. Hemedi alidunga sindano. Ndekia alisoma picha za ubongo zinazopigwa na mashine ya sumaku. Mikataba yao ilikuwa inaisha Ijumaa, na mkuu wao, Daktari Mkamburi, alikuwa na nafasi moja tu ya ajira ya kudumu. Moja, mmesikia? Msianze kuniuliza kwa nini si tatu.

Palikuwa na panya aliyepigwa kiharusi ubongoni, upande wa kulia, akawa anaburuta mguu wa kushoto. Akapewa dawa mpya ya kurudisha damu. Haya, damu ya ubongo utaipimaje bila kupasua kichwa? Unampiga picha, unamdunga maji yenye chembe za chuma mkiani, unampiga tena. Penye damu nyingi picha inazidi weusi.

Maji ya chuma yalibaki dozi moja. Mshipa wenyewe mwembamba kama uzi. Hemedi akaupata mara ya kwanza. Picha zikatoka, Ndekia akasoma: "Kushoto damu tele, kulia pungufu. Dawa imeshindwa."

Miaka minne ya kazi, kwisha! Daktari akaagiza dawa yote imwagwe.

Zawena akasema, "Samahani, Daktari. Huyu tangu jana haburuti mguu."

"Kwani wewe unajua kusoma picha?"

"Sijui. Panya ndiye ninayemjua."

Ndekia akairudia picha. Angenyamaza, nani angejua? Akasema, "Daktari, nimekosea mimi. Nilisoma kulia kwangu. Kulia kwa panya ni upande ule mwingine. Damu imerudi, tena imepita ya upande mzima."

Loo! Kulia huko nusura kuwalize watu wazima.

Ijumaa wakaitwa. Hemedi akasema, "Bila mkono wangu hata picha ya kukosea isingekuwepo."

Zawena akasema, "Bila mimi dawa ingeshamwagwa."

Ndekia hakuinua uso. "Nilikosea, kweli. Lakini ningenyamaza, nani angemsikiliza Zawena?"

Daktari akashika kalamu, na karatasi ina mstari mmoja. Mimi kila nikisimulia nabadili mawazo, na inaniudhi sana. Haya, ninyi mnaotikisa vichwa: mngeandika jina la nani?