Kilio cha Gari la Shekigenda

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme: sitamwambia mtu, si mume, si mke, si shoga wa kisimani. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya jirani aliyenipa habari hii, nikaapa kwa kaburi la mama yangu, na sasa nakuambia wewe. Mama atanisamehe, aliujua mdomo wangu tangu sijaota meno. Ila kijiji sikitaji. Ukitoka Mombo ukapandisha milima ya Usambara, ukahesabu kona kali saba, ni hapo hapo. Lakini sikitaji.

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, zamani ya juzi tu, palikuwa na pikapu moja, ya mzee Shekigenda. Ilibeba kabichi, ilibeba wagonjwa, ilibeba maharusi. Dereva wake alikuwa Ngereza. Fundi wake alikuwa Hoza, mtu mpole wa maneno machache, gereji yake ikiwa uwanjani kwa huyo huyo Shekigenda.

Na gari hilo lilikuwa linalia. Likishuka mteremko tu, kiiii! Ungesema ni breki. Meno yanakufa ganzi. Wanawake wanaouza mapeasi kona ya saba walilisikia likiwa mbali juu huko, wakavuta mabeseni yao pembeni. Mbuzi nao walihama barabara. Watu wakalipa jina, Mama Mkwe, kwa kuwa sauti yake inatangulia na hakuna anayefurahi akifika. Aliyetunga jina hilo simtaji, ila yu hai na anakula vizuri.

Pale konani aliishi mzee Mbelwa, kipofu, msuka vikapu. Nyumba yake upande huu wa barabara, msikiti upande ule. Mara tano kwa siku alivuka bila kushikwa mkono. Alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza. Magari mengine yalinguruma, akangoja. Mama Mkwe akalia, akangoja. Pakiwa kimya, alivuka. Mkewe, Bi Nambiza, alikuwa akiuza uji gerejini kwa Hoza.

Sasa binti wa Shekigenda akaja kuposwa. Wakwe wakatoka Korogwe, gari likapita likilia, mmoja wao akacheka: "Mzee, gari lako linafiwa kila siku?"

Shekigenda uso ukamshuka. Wageni walipoondoka tu, akaenda kwa fundi.

"Hoza, liondolee gari hili sauti."

"Breki zinasumbua, mzee?"

"Mimi sijui breki. Nataka kimya."

Hoza akaingia chini ya gari. Akabadilisha pedi za breki. Likalia. Akaipiga msasa ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, ikang'aa kama kioo. Likalia. Akapaka grisi panapotakiwa grisi. Likalia. Siku ya nne akainua gari kwa jeki, akazungusha tairi kwa mkono taratibu, sikio karibu na chuma, mpaka akacheka peke yake. Haikuwa breki kabisa. Nyuma ya ile sahani kuna bati jembamba la kuzuia vumbi. Lilikuwa limepinda, linakwaruza.

Akawaita watu waone. Ngereza akaja, Shekigenda akaja, Bi Nambiza naye na ndoo yake ya uji.

"Miaka yote hii ni hilo tu?" akauliza Bi Nambiza.

"Ni hilo tu, mama. Pitisha vidole hapa kwenye matundu ya rimu. Ukilisukuma, linalia. Ukilivuta, linanyamaza. Breki zenyewe nzima."

Wakacheka wote. Bi Nambiza alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hoza akalivuta bati, Mama Mkwe akafa sauti. Shekigenda akampa jogoo.

Hoza anaondoka na jogoo wake kwapani, wazo likamjia: na mzee Mbelwa, je? Akasema moyoni, mkewe si alikuwepo, atamwambia. Jogoo akapiga kelele, wazo likapotea.

Siku ya tisa, alasiri, Ngereza alikuwa anashuka na kabichi. Injini kaizima, gari linajiendea lenyewe kwa mteremko, maana hivyo ndivyo alivyoshusha miaka yote ili mafuta yatoshe. Mzee Mbelwa akatoka kwake. Akasimama. Akainamisha kichwa. Akasikiliza. Alisikia wanawake wa mapeasi wakisengenyana, alisikia kuku. Akavuka.

Walimzika siku iyo hiyo kabla ya magharibi. Shekigenda alitoa sanda. Ngereza alichimba kaburi, hakumpa mtu jembe. Hoza alibeba jeneza. Watu wakasema ajali, wakasema siku yake imefika, wakaenda kunawa. Hakuna aliyeuliza neno.

Bi Nambiza akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani, nguo nyeupe, mlango umerudishwa. Eda ikaisha, akarudi gerejini na ndoo ya uji, amekonda, hacheki.

Na wiki iyo hiyo gari likaanza kulia.

Hoza akaingia chini. Akakuta bati limepinda. Akalinyoosha. Siku mbili, likalia. Akalinyoosha, akalaumu mashimo ya barabara. Siku tatu, likalia. Akalifunga kwa waya. Waya akaukuta umelegezwa, na gari linalia kuliko zamani.

Ndipo midomo ikafunguka. Watu wakasema: "Mnaona? Mke katoka eda, marehemu kaanza kulia." Walioingia garini wakashuka wakisoma dua. Wenye pikipiki wakaacha kuzileta kwa Hoza, wakazishusha hadi Mombo, kwa kuwa nani atampa chombo fundi anayeshindana na maiti? Hoza mwenyewe akawa hapati usingizi. Akilala chini ya gari anaona ule uso ulioinama, unasikiliza. Alianza kuamini. Na mtu aliyeanza kuamini hatazami tena kwa macho, ndiyo maana kila siku alikunywa uji wa Bi Nambiza na hakuona weusi kwenye kucha za mama huyo.

Shekigenda akaja na kifimbo chake.

"Wewe ni fundi au ni nani? Jumamosi namwoza binti. Gari likilia mbele ya wakwe, kusanya spana zako utoke uwanjani kwangu. Na kokote utakakokwenda nitatangulia kusema wewe si fundi."

"Nimekusikia, mzee," akasema Hoza. Kazi nyingine hakuwa nayo. Alikuwa na mikono hiyo tu.

Jumamosi ikafika. Gari likavikwa kanga na maua. Wakwe wamejaa uwanjani, wanawake wanapiga vigelegele, bibi harusi anafungwa ushungi ndani. Hoza akatandika gunia, akaingia chini ya gari mara ya mwisho. Bati limenyooka. Akabaki amelala hapo hapo nyuma ya kanga zilizoning'inia, haonekani, hana hamu ya kutoka.

Akauona mkono.

Uliingia kwenye matundu ya rimu, polepole, mkono mkavu wa mtu mzima. Haukupapasa. Ulijua njia. Vidole vikaenda moja kwa moja kwenye bati, vikasukuma.

Hoza akaudaka. "Nimemkamata! Njooni! Nimemkamata!"

Vigelegele vikakatika. Watu wakakimbilia gari, wakwe mbele. Bi Nambiza amechutama kando ya tairi, ndoo ya uji ubavuni, mkono umo ndani hadi kwenye kifundo. Hoza akauachia utoke, akatambaa upesi kutoka chini ya gari, akaudaka tena. Mkono ulikuwa mweusi kwa vumbi la breki, tii, mpaka kwenye bangili.

"Mwanamke huyu!" akafoka Shekigenda. "Unaniharibia gari, unaniharibia harusi! Sanda nimetoa mimi!"

"Ulitoa," akasema Bi Nambiza. "Nami nimelirudishia gari lako sauti yake, mwingine asije akahitaji sanda."

"Gari langu mwenyewe nikilitengeneza, ni kosa? Nilisema nataka kimya, sikusema nataka mtu afe! Aliyemgonga ni Ngereza."

Ngereza akasogea, macho chini. "Niliendesha mimi, sikatai. Lakini mzee, mafuta unanipimia kwa chupa. Bila kuzima injini ningefika Mombo na nini? Honi imekufa tangu mwaka juzi, nikakuambia, ukasema honi ya nini, si linalia lenyewe? Aliyeninyamazishia gari ni Hoza."

Watu wote wakamgeukia Hoza. Angeweza kunyamaza, siku ile jina lake lilikuwa limesafishika. Akasema: "Nililinyamazisha. Na nilimkumbuka mzee Mbelwa, Mungu shahidi. Nilikuwa na jogoo kwapani, nikasema mkewe atamwambia."

Bi Nambiza akakaa chini kabisa, vumbini.

"Hoza mwanangu, nilikuwepo. Nilicheka na ninyi. Nikafika nyumbani siku ile, akaniuliza, mke wangu, mbona leo kumepoa? Nikamwambia kula kwanza, nitakusimulia. Kisha nikapitiwa na usingizi, na kesho yake nikasahau. Siku tisa nilisahau. Sasa nishikeni mnipeleke mnakotaka. Lakini mkilinyoosha lile bati, na mkono huu ninao, nitarudi."

Mkwe mmoja, mkubwa wao, akauliza: "Tunaondoka au hatuondoki?"

Shekigenda akanyoosha kifimbo kuelekea kwenye tairi. "Hoza! Linyooshe!"

Hoza amesimama. Mkono huu kashika bisibisi. Mkono ule bado kashika mkono mweusi wa Bi Nambiza, wala hajui kama anamzuia au anamwinua. Bibi harusi kachungulia mlangoni. Na barabara ni ile ile, na kona ni ile ile.

Haya, mlioapa na msioapa. Mmoja alinunua kimya. Mmoja alikitengeneza na wazo likampita. Mmoja alizima injini. Mmoja alicheka, akala, akalala, akasahau, na ndiye peke yake aliyekamatwa. Je, kifo cha mzee Mbelwa ni cha nani? Na ungekuwa wewe Hoza, mbele ya watu wale wote, ungeachia nini, bisibisi au mkono?