Harusi ya Uchane Mmoja Mmoja

Paukwa!

Pakawa.

Nyie wa nyuma mnaitikia kama mliofiwa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, kabla binadamu hajajifunza kukodi viti vya harusi, ukoo wa Mnana uliishi kando ya kijito. Mnana mnamjua. Yule ndege mdogo wa manjano, anasuka kiota huku anapiga kelele, utadhani kaombwa. Mnana dume haozwi mpaka asuke. Anachana jani la mnazi, chwaa, anapata uchane, kaukanda kembamba. Chwaa, chwaa, anasuka. Kisha bibi harusi anakuja kukagua. Anavuta huku, anavuta kule. Kiota kikifumuka, au kikiwa kimenyauka, anasonya, na dume anaanza upya.

Basi kwa kuoana huko, minazi ikaisha. Saba ilichunwa mpaka ikafa. Ukabaki mmoja, umeinamia maji. Na kule vichakani alikaa Ukukwi, nyoka wa kijani, anayependa mayai kuliko alivyompenda mama yake. Juu ya maji hafiki. Kichakani anafika, na hapigi hodi.

Mwanahawa binti Mnana alizaliwa kichakani, mwaka ulipokufa mnazi wa kwao. Walikuwa mayai manne. Alianguliwa yeye peke yake. Kwa hiyo Makame alipokuja kumposa, alimwambia, "Nimekubali. Lakini harusi yangu isiuue mnazi huu."

Makame alikuwa kijana mzuri, kifua cha dhahabu, akili za kiasi. Akamwambia mama yake. Mama yake, Bi Tatu, akaita kamati. Mwenyekiti alikuwa Kunguru. Si Mnana, si jamaa, lakini hakuna harusi asiyoijua, kwa sababu hakuna makombo asiyoyajua.

"Wajumbe," akasema Kunguru, "bibi harusi anataka harusi isiyoumiza mti. Kamati inaunga mkono. Makame asichane hata jani moja."

"Mwanangu akamlaze mke hewani?" akauliza Bi Tatu.

"Tulia, Bi Tatu. Kila mgeni atakuja na uchane. Mmoja tu. Mnazi mkubwa vile utajua kama umechanwa uchane mmoja?"

Wajumbe wakasema hautajua. Wakapiga mbawa, pa pa pa, wakaenda kula.

Mwanahawa hakuyasikia hayo. Alikuwa ndani. Mwali hatoki siku saba, anasuguliwa manyoya na shangazi yake mpaka ang'ae.

Siku ya kwanza akasikia, chwaa.

"Nini hiyo, shangazi?"

"Mgeni na uchane wake. Mmoja tu."

Siku ya tatu, chwaa, chwaa, chwaa.

"Shangazi?"

"Wageni hao. Kila mtu mmoja tu. Inamisha shingo."

Siku ya sita ikawa chwaaaaa moja, ndefu, kama mvua.

"Shangazi, nitoke nikaone."

"Utoke uende wapi na upande mmoja haujasuguliwa? Hao ni ukoo wa mama mkwe wako. Wamezaana sana."

Siku ya saba akatolewa kwa vigelegele. Akatazama juu. Palipokuwa na majani akaona mbingu. Mnazi umebaki vijiti, kama chanuo la kizee. Makuti matatu tu ndiyo yalikuwa mazima, yale yaliyoning'iniwa na viota vya zamani, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuchuna paa lake mwenyewe. Na chini ukingoni, Makame amesimama kando ya jumba la kijani, kubwa kama mtungi, lina milango mitatu.

"Nani amefanya hivi?" akauliza Mwanahawa.

"Mimi wangu mmoja tu," akasema mgeni mmoja.

"Na mimi."

"Mimi nusu. Niligawana na mke wangu."

Kila mmoja alisema kweli. Hapo ndipo penye balaa.

"Bibi harusi, kagua nyumba," akasema Kunguru. "Kumbikumbi wa karamu wanapoa."

Mwanahawa akavuta huku, akavuta kule. Jumba halikufumuka.

"Imara," akasema. "Linatundikwa wapi?"

Bi Tatu akaonyesha kwa mdomo kuti moja kati ya yale matatu. "Pale."

"Likitundikwa pale, kuti litakatika kabla wageni hawajashiba. Yatabaki mawili, na mwakani tutataga kichakani, Ukukwi atuhesabie mayai. Silitaki. Nakitaka kile."

Wakatazama. Kwenye ncha ya kuti kilining'inia kiota alichosuka Makame mwaka jana, akijifunza. Rangi ya tumbaku. Kimetoboka ubavuni.

"Nyumba ya mtumba," wakanong'ona wageni.

Bi Tatu akakaa chini. "Mkwe wangu aingie kiota kilichonyauka? Watu watasema nini?"

"Watasema kimenyauka, mama. Ndivyo kilivyo." Akamgeukia Makame. "Kile pamoja na mimi, au hili pamoja na mama yako."

Makame akamtazama mama yake. Akamtazama mchumba. Akalitazama jumba alilolisuka siku saba mpaka mdomo ukaota sugu.

"Kile kimetoboka," akasema.

"Basi kizibe."

Akalisogelea jumba. Kisha akashika uchane wa kwanza wa jumba lake, akauvuta. Akafumua, akafumua. Mama yake akalia, wageni wakacheka, yeye akafumua. Akakiziba kile kiota cha zamani, na chane nyingine zikabaki rundo.

"Kila mgeni achukue wake," akasema Mwanahawa, "akazibe kiota chake cha zamani. Asiyeutambua achukue wowote."

"Wangu ulikuwa mrefu," akalalamika yule wa nusu.

Msimu ule hakuna aliyechana mnazi. Mvua ikanyesha, kuti changa likachomoza, kisha la pili. Mwanahawa akataga mayai matatu juu ya maji, Ukukwi akabaki ng'ambo anameza mate. Bi Tatu alinuna mwezi mzima. Siku alipokuja kutembelea, akavuta kiota huku, akakivuta kule, akasonya, kisha akaomba nafasi kwenye kuti la jirani. Na Kunguru, ukimuuliza leo, atakwambia wazo lote lilikuwa la kamati.

Basi nyie mnaopanga harusi, sikieni. Mti hauuawi na adui mmoja. Unauawa na wageni mia, waungwana watupu, kila mmoja akisema wangu mmoja tu. Unayetaka harusi isiyoharibu, anza na ulichonacho, hata kama kimetoboka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeiona fupi na aolewe yeye, tuone.