Kigoda Chenye Masizi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na meko kama sisi, kila baada ya mavuno walishindana kusimulia hadithi. Mwaka huo zawadi ilikuwa kigoda, tena kigoda cha marehemu bibi yake Kindi.

Kindi alikitaka sana kigoda kile. Bibi ndiye aliyemlea. Kindi alikwisha kusimulia hadithi yake, akapigiwa makofi, pwa! pwa! Aliyebaki ni Nyati, na Nyati, jamani, alijua kusimulia.

Sasa, kwao kila hadithi ilikuwa na mwitikiaji, wa kusema "Enhe!" kila msimuliaji anapotua. Mwitikiaji akinyamaza, hadithi inafia hapo hapo. Kindi akaruka mbele, pu!

"Bwana Nyati, leo nakuitikia mimi!"

"Wewe?" Nyati akamtazama. "Haya, ahsante, dada."

Kindi akacheka kimoyomoyo. Ataitikia kidogo tu, kisha kimya!

"Nilipokuwa ndama yatima," Nyati akaanza, "bibi mmoja kule bondeni alikuwa akinipikia kunde."

"Enhe!"

"Siku moja mvua ikashuka, shwaaa! Mimi niko mlangoni, mjukuu wake kalala mapajani, na yeye anasimulia hadithi."

"Enhe," Kindi akaitikia polepole. Harufu ya kunde zile ilimjia puani. Mapaja yale yalikuwa ya bibi yake!

"Paa likavuja, to! to! Matone yakaingia chunguni. Bibi akainuka, akakishika kigoda chake..."

Nyati akatua. Kindi akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama Tembo, mwamuzi, akainua mkonga aikate hadithi.

Lakini Bibi alikifanyia nini kigoda? Kindi siku ile alikuwa amelala!

"Enhe!" ikamtoka. "Enhe, Bwana Nyati! Enhe!"

"Akakiweka juu ya chungu kiwe mfuniko. Mwenyewe akaketi kwenye tope, mjukuu kifuani, akasimulia mpaka kunde zikaiva."

Kindi akalia mbele ya watu wote. Alimkumbuka bibi yake, akamkumbuka sana.

Mama Tembo akampa Nyati kigoda. Nyati akakigeuza. Upande wa chini kilikuwa cheusi tii kwa masizi.

"Ulijua hila yangu?" Kindi akauliza.

"Ah, dada! Mwaka mzima hunisalimii, leo unaomba kuniitikia? Nikachagua hadithi usiyoweza kuiacha njiani."

"Ni nzuri kuliko yangu," Kindi akasema, na kusema hivyo kulimuuma. "Naweza kuja kwako kukikalia?"

"Njoo. Mimi nikikikalia kitavunjika. Ila uje na hadithi, nitaitikia mimi."

Basi, wanangu, hadithi nzuri ya mwenzio iitikie, hata kama mnagombea zawadi moja.