Kinyonga Aliyejisokotea Koili

Nawasha!
(Semeni: Washa!)
Nawasha!
(Washa!)

Nikisema Fisi alikuwa na duka, mtabisha? Bisheni! Asiyeniamini asimame, anitazame usoni, aseme. Kidole hiki mnachokiona kimefungwa kitambaa, niling'atwa na chui, na mimi nikamng'ata. Shule niliiacha darasa la sita, mwalimu alikuwa ameishiwa vya kunifundisha. Haya, kaeni.

Fisi alikuwa na kibanda. Alikuwa anauza koili, zile springi ndogo za waya zinazokaa ndani ya sigara ya umeme. Zinapata moto, zinageuza maji matamu kuwa mvuke. Koili ikiungua unatupa, unanunua nyingine. Wanyama wote walipenda mvuke, na koili zilikuwa kwa Fisi tu.

Kinyonga naye alipenda. Koili moja, tawi moja la mti wake. Fisi anakata, kwa! Anaondoka nalo, anaongezea kwenye kibanda. Koili ya pili, kwa! Ya tatu, kwa! Kinyonga kushtuka, amebakiwa na tawi moja, lile alilolikalia.

Akawaza, "Hivi ndani ya hiki kidude kuna nini?" Akakipasua. Jicho moja likatazama huku, jingine huku. Waya! Na kipande cha pamba!

"Hee! Matawi yangu yote kwa waya na pamba?"

Akaokota waya, akauzungusha kwenye ncha ya mkia. Zungu, zungu, zungu, mara sita. Akauvua, akapachika pamba, akavuta. Fiii... Akapuliza. Wuuu! Wingu likanukia ukwaju hadi kibandani.

Fisi akaja mbio, tipwa, tipwa. "We kijiti, nani kakuuzia?"

"Nimesokota mwenyewe, mjomba."

"Ya kusokota inalipuka! Utabaki macho tu!"

"Basi tushindane, mjomba. Mbele ya wote. Ukitoa wingu kubwa kuliko langu, chukua na tawi hili la mwisho. Nikikushinda, kibanda changu."

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. Lakini pua yake ilikuwa bado inanusa lile wingu. Koili zake hazikuwahi kunukia hivyo, maana zilikuwa kuukuu, aliziokota jalalani akazisugua kwa mchanga. Akainama, akanong'ona, "Hiyo yako... mizunguko mingapi?"

"Sita. Lakini kifua changu si unakiona, mjomba?"

Fisi akakitazama. Akakitazama na chake. Hakuuliza tena.

Asubuhi wanyama wakajaa. Fisi alikuwa amesokota yake kwenye mfupa wa kuku. Zungu, zungu, zungu, mara sitini! Waya wote wa dukani.

Kinyonga akavuta, fiii. Akapuliza, wuuu! Shingo ya Twiga ikapotea.

Fisi akavuta, fiii. Akapuliza... kimya. Betri ndogo, waya kibao, haukupata hata uvuguvugu. Akavuta kwa nguvu. Kimya. Akavuta kwa nguvu zote za ukoo wao, maji matamu yakamwingia kooni, gwa! Kwoho! Kwoho! Akakimbia anakohoa, kibanda akakiacha wazi.

Kinyonga akahamia. Si matawi yake mwenyewe?

Funzo: nunueni za dukani. Ukisokota mwenyewe utazoea kufikiri, na ugonjwa huo hauna dawa.

Nazima!
(Zima!)

Mbona bado mnakitazama kidole? Haya, haya. Kuna kipande nimekiruka. Ile koili ya kwanza kabisa, Kinyonga hakuivua. Aliiunganisha na betri ikiwa bado mkiani, aone kama inawaka. Tsss! Ndiyo maana mpaka leo mkia ameukunja, na kabla ya kukanyaga ananyoosha mguu, anaurudisha, ananyoosha tena.

Nimejuaje?

Chui hakuwepo. Mimi sina mkia, nilizungushia kidoleni.