Kesi ya Kiti cha Nakijwa

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mababu, ni zamani hii hii ambayo simu za mkononi zilishakuwepo, palikuwa na mama mmoja wa Same akiitwa Nakijwa. Sogeeni karibu. Mwisho wa hadithi hii si wangu, ni wenu, kwa hiyo asiyesikiliza asije baadaye akadai na yeye ana neno.

Nakijwa alikuwa na lori. Ujana wake wote aliumalizia kushusha tangawizi kutoka milimani, gia ya kwanza, breki zinalia, na huko chini kwenye lami magari madogo yanampita na kumpigia honi. Kila lililompita alilitazama mpaka linapotea, akasema moyoni, ipo siku na mimi nitapita watu. Watoto walipokwisha kusoma, akaliuza lori. Akatangaza kwamba anataka gari la mbio, la chini chini, lenye turbo na injini ya rotari. Basi watu walicheka jamani! Wakasema mama huyu ameuza gari linalolisha ili anunue gari linalokula. Naye akacheka nao, lakini alikuwa na hofu. Lori halipo tena, na pesa ile haiji mara ya pili. Akiuziwa kimeo, gari bovu lililong'arishwa, hana lori, hana gari, na kicheko cha Same atakaa nacho mpaka uzeeni.

Kwa hiyo akatafuta watu wa kumsindikiza, watatu. Wa kwanza Senzige, fundi magari, mtu wa maneno mengi na mkoba wa vifaa. Wa pili Kiangi, shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye kazi yake kubwa ni kuwacheka watu. Wa tatu Eliwaza, rafiki yake wa kwaya, ambaye kuhusu magari anajua kupanda na kushuka. Akawaambia mbele ya majirani, "Atakayeniokoa nisiuziwe kimeo, ndiye atakayekaa pembeni yangu siku ya kwanza, tukiingia Same siku ya gulio, watu wote wakitutazama." Na gari la aina hiyo lina viti viwili tu. Nyuma pale hata mkoba unabanwa. Wengine wawili watarudi kwa basi. Hilo mlishike, ndiyo kesi yenyewe.

Gari la namna hiyo likasikika Marangu, na muuzaji alikuwa Mchaga, jina lake Ndesario. Njia nzima Senzige akawa anafundisha. Injini nyingine, alisema, zina pistoni za kupanda na kushuka. Hii ina sambusa. Sambusa ya chuma inazunguka ndani ya chungu, na kila pembe ina sili yake ya kuziba. Sili za pembe zikilika, nguvu inavuja, na gari likishapata moto ukilizima haliwaki tena. Sili za maji zikichoka, maji yanaingia ndani, na utayaona kwa moshi mweupe gari likiamka la baridi. Ndiyo maana, akasema, ukifika kwa muuzaji, kabla ya jambo lolote, weka mkono kwenye boneti. Ukikuta joto, ujue limewashwa mapema ili moshi uishe kabla hujafika. Eliwaza alikuwa anasinzia.

Wakafika. Ndesario yuko getini, mikono ameifungua, mkewe nyuma yake na harufu ya mtori, ile supu ya ndizi na nyama, inatoka jikoni. Karibuni, poleni na safari, habari za Same, mvua zimenyesha? Sasa nambieni ninyi mnaojifanya wajanja, nani angempita mwenye nyumba na mkono wake wa salamu, akakimbilie kupapasa gari lake kama daktari? Senzige hakuweza. Alisalimia, akanawa, akakaa. Nakijwa akakaa. Kiangi alishakaa zamani na sahani anayo.

Aliyebaki nje ni Eliwaza, maana kamba ya kiatu chake ilikatika pale getini. Akaliegemea lile gari, jekundu, linang'aa, mkono mmoja juu ya boneti, mkono mwingine unahangaika na kamba. Marangu asubuhi ni baridi kweli. Boneti lilimpasha vizuri, basi naye hakuwa na haraka. Akafunga kiatu, akaingia, akala.

Walipotoka shibe imewajaa, Senzige ndipo akakumbuka somo lake. Akaweka mkono kwenye boneti. Baridi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndesario akasema gari hili hajaligusa tangu juzi, akapiga stata, likaitika mara moja, moshi hakuna, turbo inapiga mluzi mtamu. Senzige akamwambia Nakijwa, dada, hili chukua. Machozi yakamlenga Nakijwa, mkono ukaenda kwenye mkoba wa pesa.

Hapo Eliwaza, si kwa ujanja, ni kwa kusifia tu, akasema, "Gari zuri jamani. Halijawashwa tangu juzi, na bado asubuhi lilinipasha mkono nikifunga kiatu."

Mke wa Ndesario aliacha kukusanya sahani.

Senzige aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaeleza kwa aibu kwamba boneti hupoa upesi, lakini injini ndani hubaki na joto muda mrefu. Ukweli wa gari hili utaonekana likiamka la baridi kabisa, yaani kesho asubuhi. Ndesario akaanza, oh kesho nina safari, oh nyumba ina wageni. Na wao wangefanyaje? Umekula mtori wa mtu, utamwambiaje usoni kwamba humwamini, utalala kwake umchunge?

Mwingine hawezi, lakini mtani anaweza. Wapare, ndio hawa watu wa Same, na Wachaga ni watani, na mtani hakasirikiwi. Kiangi akajinyoosha, akasema, "Mpare akishiba mtori hashuki mlima. Tunalala hapa. Na mimi nalala humu humu ndani ya gari, maana nikilala kitandani kwa Mchaga, asubuhi nitadaiwa kodi." Ndesario akacheka. Angefanya nini? Kiangi akaingia kwenye gari jekundu, akajifungia, akakoroma mpaka kukakucha. Wapo wanaosema hakuwa na nia ya kulinda kitu, alitaka tu awe wa kwanza kukalia kiti kile. Mimi simo. Ninachojua ni kwamba gari halikuweza kupashwa moto na mtu yumo ndani.

Asubuhi lina umande mpaka kwenye vioo. Wakamtoa Kiangi, magoti hayanyooki. Ndesario akapiga stata huku anatazama chini. Gari likakohoa, likakohoa tena, kisha likatoa wingu jeupe la moshi, kuku wakatawanyika. Harufu yake tamu tamu, ya maji ya rejeta. Senzige akasema sili za maji zimekwisha, gari hili linakunywa maji, na kabla ya mwezi kuisha lingezimikia njiani moja kwa moja. Nakijwa akashika ukuta. Lori lake lote lilipita mbele ya macho yake.

Ndesario akakaa kwenye ngazi, akasema kweli. Na yeye aliuziwa hivyo hivyo, lilipashwa moto kabla hajafika, na aibu ilimzuia kumwambia mtu. Mkewe, chupa ya chai mkononi, akasema, "Mimi nilikuambia uwaeleze."

Basi Nakijwa arudi Same mikono mitupu? Hapana. Asubuhi ile Kiangi alipokwenda kunawa nyuma ya nyumba, aliona turubai, na chini ya turubai gari jingine la aina ile ile, la bluu, magurudumu mapana. Akarudi, akamsimamia Ndesario, akasema, "Umetukosea watani zako. Faini yako ni lile la bluu unalolificha. Bei ile ile." Lile la bluu, jamani, ndilo Ndesario alikuwa akiliendesha mwenyewe Jumapili, na rangi yake ilishachunika. Akalalamika, akasema bora wachukue ng'ombe. Mkewe akacheka mpaka chai ikamwagika. Mwishowe akaenda kuleta ufunguo.

Safari hii hakuna aliyekaribishwa kula kwanza. Boneti, baridi. Stata, likaamka bila moshi mweupe. Senzige akafungua plagi, akaweka geji yake ya kupima nguvu ya injini, na sindano ikaruka sawasawa kwa pembe zote za sambusa. Nakijwa akalishusha mwenyewe mpaka Himo na kulipandisha, likapata moto hasa, akalizima. Kimya. Akapiga stata tena, likaitika papo hapo. Akalia bila kuficha, mke wa Ndesario akapiga vigelegele, na pesa ya lori ikatoka mkobani.

Wakaandikishana, wakala sasa, gari likapoa. Nakijwa akapanda, akawasha, akafungua mlango wa pili. Siku ilikuwa ya gulio. "Haya," akasema, "nani anapanda?"

Wote watatu wakashika mlango.

Akataka kulizima wasikilizane, Senzige akapiga kelele asithubutu. Rotari ukiiwasha ya baridi na kuizima papo hapo, petroli inajaa ndani, na kuiwasha tena ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo kesi ikasikilizwa injini ikiunguruma.

Eliwaza akasema, "Joto lile lilijulikana kwa mkono wangu. Bila mkono huu pesa ingetoka jana, na fundi alishasema chukua."

Senzige akasema, "Mkono wako ulihisi joto ukafurahi, basi. Nani alijua maana yake? Nani alisoma moshi? Nani alipima hili la bluu? Nilikosea, sawa, lakini nilirekebisha."

Kiangi akasema, "Mkono ulihisi, kichwa kikajua, na wote wawili mlikuwa tayari kuaga na kwenda zenu kwa sababu ya adabu. Mimi ndiye niliyekunja magoti. Na gari analokalia shemeji sasa hivi, ni nani alilipata?"

"Ulilipata ukienda kunawa," Eliwaza akamjibu.

Ndesario alikuwa anatazama kutoka kwenye ngazi, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasema sasa ameamini, kweli Mpare kwa kesi hajambo. Nakijwa hakucheka. Alitoa neno mbele ya majirani, na neno lake ni la mtu mmoja, na hao watatu wote anawapenda, na atakayemwacha Marangu atamkuta tena Same. Akatazama sindano ya petroli, akatazama kile kiti kitupu pembeni yake, akasema, "Nitajieni mmoja. Mmoja tu, tuondoke."

Hawakuweza kumtaja. Kwa hiyo nawaletea ninyi mliokaa hapa mnatabasamu. Mkono uliogusa bila kujua, kichwa kilichojua kikachelewa, au ulimi uliothubutu, labda kwa utani tu? Semeni upesi, injini inaunguruma na gulio la Same linakaribia kufungwa. Je, nani alistahili kiti kile?